Mgeni Rasmi wa Tangi la Kavimbili

Nchi hii msiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walifika kweli, wakakunja mikono ya mashati, wakatandaza karatasi mezani, ndipo wakaambiwa wasubiri kidogo, mgeni rasmi yuko njiani kuja kuzindua penseli. Wapo hadi leo. Wawili wameoa hukohuko.

Inaitwa Jamhuri ya Ngurumia. Ni nchi ya amani, watu wake wakarimu, na serikali yake haichoki, hasa katika kazi ya kuanzisha mambo. Mimi niliitumikia miaka thelathini na minne nikiwa tarishi wa wilaya. Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza njiani, kwa barua za watu, ndiyo maana mpaka leo nikiandika hata salamu kwa mke wangu naanza na "Yah". Haya ninayosimulia ni kweli tupu na mashahidi ninao. Mmoja ni punda, na mwingine ni Mheshimiwa ambaye hapendi kuulizwa.

Sheria kubwa kuliko zote kule ni Sheria ya Mwanzo Rasmi. Inasema kwa ufupi, yaani kwa kurasa mia mbili na sita, kwamba kitu chochote kipya hakitatumika mpaka mgeni rasmi afike, ahutubie na akate utepe. Sheria nzuri. Imeleta nidhamu. Choo cha shule yetu kilikaa miaka mitatu na utepe mlangoni, na darasa zima lilihitimu likiwa limebana. Daraja la Mto Kwezi lilijengwa, likapakwa rangi, likafungwa utepe pande zote mbili, kisha mgeni rasmi akaumwa jino. Tangu hapo watu wanapita chini ya daraja, mtoni, kwa kuwa mto wenyewe ni mkavu. Juu wanapita mbuzi tu, ambao sheria hawajaisoma.

Na mwaka mmoja Rais mwenyewe alialikwa kuzindua soko la wilaya, akabanwa na shughuli, akatuma kofia yake. Ilikuja na gari la peke yake. Tuliiketisha kwenye kiti kikubwa, tukaifungulia soda, tukaikaribisha itoe neno. Ilikaa kimya dakika kumi na tano, na waliokuwepo wanasema wilaya haijapata kusikia hotuba nzuri kama ile. Kisha upepo ukapita, kofia ikaangukia utepe, utepe ukaachia, makofi. Ili wenye midomo wasipate la kusema, kanuni ikarekebishwa wiki ileile: *Mgeni rasmi ni mtu au kitu chochote kilichoalikwa kwa barua yenye mhuri, kikafika.*

Barua ya marekebisho hayo niliipeleka mimi. Niliisoma mara mbili nikitembea, na mara ya tatu nikiwa nimekaa.

*

Nilipostaafu nilirudi kwetu Kavimbili. Kule mvua hunyesha mara tatu kwa mwaka, na kila moja ina jina kama mtoto: Hodi, Karibu na Kwaheri. Hodi inanyesha saa moja, Karibu saa moja na nusu, na Kwaheri inakuja kama mtu aliyesahau fimbo yake: inafanya fujo, inapata inachotaka, inaondoka. Baada ya hapo ni jua miezi kumi. Mamba wa Mto Kwezi alishahamia mjini, anafanya kazi ya ulinzi.

Kelele za mvua hizo si za kitoto. Zinapiga mabati, zinapiga mashamba, zinakomba mbolea na udongo mzuri wa juu, zinashuka navyo bondeni kabla hatujamaliza kushangilia. Kesho yake wanawake wanabeba ndoo kwenda Kisima cha Mbuga, saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Tulikuwa tunalowa leo na kukaukiwa kesho, na tuliona ndivyo dunia ilivyo.

Aliyechoka kwanza ni Bi Sikudhani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alifunga miti mitatu pembetatu, akaning'iniza jiwe katikati kwa kamba, akawa anazunguka nayo shambani kama anayemtembeza mgonjwa. Jiwe lilimwonyesha pale ardhi ilipolingana, na hapohapo akachimba mtaro wa kukinga maji, mmoja, wa pili, wa saba, yote ikikatisha mteremko.

Shemeji yake, Ndaro, mwenyekiti wetu wa kijiji, alikuwa akipita kila asubuhi kumtazama.

"Shemeji, unamchimbia nani kaburi refu namna hiyo?"

"Njaa."

"Haya. Salamu zake."

"Na yako ikikataa kufa, shemeji, ilete. Nafasi ipo."

Msimu ule mtama wa Ndaro ulilala chini mwezi wa pili. Wa Bi Sikudhani ulisimama mpaka ndege wakaenda kuita jamaa zao. Basi wanawake wakamfuata, na yeye akawaonyesha ghala la ushirika, ambalo lilikuwa na paa kubwa la bati safi na ndani halikuwa na kitu. Paa lile lilikuwa likimwaga mvua chini bure. Viangazi viwili walibeba mawe na mchanga kichwani, wakajenga tangi la saruji kubwa kama nyumba, wakazungusha mifereji ya bati kwenye kingo za paa, na bomba moja la kuingiza maji.

Walikuwa na haraka, na sababu ilikuwepo. Kwenye mkutano wa kijiji Ndaro alishasema: "Tunahama. Hapa hapakaliki. Tunashuka kwa jamaa zetu bondeni, watatupa pa kujibanza." Kujibanza kwa jamaa kila mtu anakujua. Bi Sikudhani akasimama.

"Nipeni msimu mmoja. Kwaheri ikipita tangi halijajaa, mzigo wa kwanza kushuka bondeni ni wangu."

Wakakubaliana hivyo. Ndaro akakunja godoro lake, akalifunga kamba, akaliweka mlangoni, akawa analikalia kama kigoda. "Mimi niko tayari," alimwambia kila aliyepita. "Nasubiri tu mvua imalize kutucheka."

*

Wanawake walikuwa wanapiga lipu ya mwisho alipotokea mtu wa baiskeli, amevaa tai, mgongoni ana mwavuli mkubwa wa rangi za taifa, kwapani ana kasha. Alikuwa Bwana Fidelis Chonjo, Afisa Utepe wa Wilaya, daraja la pili.

"Nani kaanzisha kitu hapa?"

"Sisi," akasema Bi Sikudhani.

"Mmeanzisha au mmejenga?"

"Kuna tofauti?"

Bwana Chonjo alitabasamu kwa huruma. "Mama, kujenga anajenga yeyote. Kuanzisha ni kazi ya serikali."

Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alilizunguka tangi mara tatu, akalipapasa, akasema hajaona kazi safi kama ile wilaya nzima, na machozi yalimlengalenga. Kisha akachomoa kipande cha mwisho cha bomba kutoka mdomo wa tangi, akakiacha kikishikiliwa na waya upande mmoja, akakivuta pembeni, akakifunga kwenye nguzo kwa utepe mwekundu. Alipomaliza, maji ya paa yalibaki na njia moja tu, nayo ilikuwa ya kumwagika nje.

"Tazameni sasa," alisema, macho yanang'aa. "Mheshimiwa Waziri anakata hapa, bomba linarudi lenyewe, puu! Linatumbukia kwenye tangi. Makofi. Hii nimeibuni mwenyewe. Maafisa wenzangu wanafunga mlangoni tu."

"Na Mheshimiwa anakuja lini?"

"Hivi karibuni."

"Mvua ikimtangulia?"

"Itasubiri."

"Itasubiri wapi?"

Bwana Chonjo aliangalia juu kama anayetafuta benchi. Hakuliona. Akasema suala hilo litashughulikiwa.

Aliamriwa aulinde utepe mpaka ukatwe, hivyo akalala kwa Bi Sikudhani, akala ugali wake wa mtama, akanywa maji yake, akaoga kila jioni akiimba. Siku ya tano Bi Sikudhani akamwambia, "Bwana Chonjo, hayo maji unayojimwagia yametembea saa sita. Wewe mara ya mwisho kutembea saa sita ni lini?" Kesho yake Bwana Chonjo alibeba ndoo kwenda Mbuga. Alirudi jioni na nusu ndoo, na baada ya hapo alioga kimyakimya.

*

Hodi ilikuja Jumanne saa tisa alasiri. Mheshimiwa Telesfori Kamwaga, Waziri wa Mvua na Mambo Mengine Yanayodondoka, alikuwa ng'ambo kwenye kongamano la ukame, katika hoteli iliyojengwa katikati ya ziwa.

Paa la ghala lilinguruma. Maji yalikimbia kwenye mifereji, yakafika kwenye bomba, yakamwagika chini mita moja kutoka mdomo wa tangi. Wanawake walikuja na masufuria na beseni. Bwana Chonjo akawazuia.

"Haya ni maji ya mradi! Mradi haujaanza! Mkiyakinga mtakuwa mmetumia kitu ambacho bado hakipo!"

Naye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa, maana mwavuli wote alikuwa ameutandaza juu ya utepe. Rangi isichuje. Alisimama vile saa nzima, meno yanagongana, utepe mkavu kama wa sikukuu. Tangi likabaki na vumbi la saruji ndani na mjusi mmoja aliyekuwa akituangalia kwa mshangao.

Shamba la Bi Sikudhani lilikunywa likashiba, maana mitaro yake haikuwa na utepe. Lakini shamba halijazi ndoo. Ndaro, juu ya godoro, akanyoosha kidole kimoja.

"Moja hiyo, shemeji."

Kwa Karibu, Mheshimiwa alifika. Yaani, alifika mpaka Mto Kwezi. Magari saba yalikuja na vumbi lake, na tukayaona kutoka ghalani, maana kijiji kiko juu. Lakini Karibu ilikuwa imewahi kupiga milimani, na kwa mara ya kwanza tangu mamba ahame, mto ulikuwa na maji. Chini ya daraja hapapitiki. Juu ya daraja pana utepe. Magari yalisimama nusu saa yakifikiri, kisha yakageuza. Jioni redio ikatangaza kwamba ziara ya Waziri wa Mvua imeahirishwa kwa sababu ya mvua.

Na sisi, ghalani, tulikuwa tumesimama tukiangalia maji yanavyoteremka bondeni. Bwana Chonjo alikuwa tena chini ya mwavuli na utepe wake. Safari hii hakuwaangalia wanawake machoni.

"Mbili," akasema Ndaro. Lakini hakucheka. Nilimwona anaangalia wembamba wa kamba ya godoro lake, na magoti yake, na njia ya bondeni.

*

Bi Sikudhani alikuja kwangu siku ya pili asubuhi, akakataa kukaa.

"Mzee Tarishi, ile hadithi yako ya kofia. Ni kweli au ni zile zako?"

"Hadithi zangu zote ni kweli, mwanangu. Zingine bado hazijatokea tu."

"Nauliza ya kofia."

"Hiyo imetokea. Nimeishika mwenyewe. Ilikuwa na jasho."

"Na kanuni ikasema mtu au kitu chochote?"

"Kilichoalikwa kwa barua yenye mhuri, kikafika."

Akakaa. "Basi chukua kalamu."

Barua ile ninayo nakala yake. Ilisema hivi:

*Kwa: Mvua (Kwaheri), Mawinguni.*

*Yah: Mwaliko wa kuwa mgeni rasmi.*

*Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Uongozi na wananchi wa Kavimbili wanayo heshima kukualika kuzindua tangi lao siku yoyote utakayojaliwa, kabla kiangazi hakijaanza. Unaombwa kuja na maji ya kutosha. Gharama za usafiri utajitegemea kama ilivyo desturi yako. Ukishindwa kufika, tutahama, na utanyeshea mawe. Wako katika ujenzi wa taifa.*

Mhuri alikuwa nao mwenyekiti. Tulimkuta amekalia godoro. Alisoma barua, midomo ikimtikisika.

"Shemeji, umechanganyikiwa. Unataka mimi, mwenyekiti, nipige mhuri barua ya kwenda mawinguni?"

"Ndiyo."

"Watanicheka mpaka bondeni."

"Bondeni kwenyewe unakwenda kujibanza kwa bamkubwa Mkwiche. Umesahau anavyokoroma?"

Ndaro alifikiri juu ya hilo. Kisha akapulizia mhuri pumzi, ha!, akaupiga mara mbili, moja ya akiba.

Tuliipandisha barua juu ya paa la ghala, tukaikandamiza na jiwe. Nakala tukampa Bwana Chonjo. Alikwenda nayo kivulini pamoja na kitabu cha sheria, akasoma kurasa zote mia mbili na sita, siku mbili, akitafuta mahali palipoandikwa "isipokuwa mvua". Siku ya tatu akarudi, uso umenyooka.

"Atakuja na msafara wa watu wangapi? Napanga viti."

"Upepo na radi," nikamwambia. "Radi hakai."

"Viti viwili basi. Na wasifu wake naomba."

Nikamwandikia: *Amezaliwa baharini, amekulia angani, ana uzoefu wa kufanya kazi na wakulima tangu kuumbwa kwa jembe. Amehudumu wilaya zote, hii kwa nadra. Hana kesi.*

*

Sasa Bwana Chonjo, kwa kuwa ni mtumishi mwaminifu, alituma taarifa wizarani kwamba Kavimbili wamepata mgeni rasmi mwingine. Tarishi mwenzangu wa kule ndiye aliyeipeleka, naye, kama ilivyo kawaida ya kazi yetu, aliganda kidogo mlangoni.

"Huyu Mvua ni nani?" Mheshimiwa aliuliza, chai imemkwama. "Mbona simjui?"

"Ni wa wizara yetu, Mheshimiwa," akajibu katibu wake.

"Wa wizara yangu, na hajaja kujitambulisha! Ana wafuasi?"

"Mheshimiwa, akifika mahali watu wanatoka nje wenyewe kumpokea. Wanacheza. Hawabebwi na malori."

"Hawabebwi?" Waziri alisimama. "Huyo ni mtu wa hatari. Leteni magari."

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba siku ya Kwaheri, saa saba mchana, tuliosimama ghalani tukaona mambo mawili kwa pamoja. Mashariki, vumbi la magari saba. Magharibi, wingu jeusi limekaa juu ya mlima kama mtu anayevaa viatu.

Bwana Chonjo alikuwa na viti vitatu vyenye vitambaa vyeupe, cha tatu amekiongeza alipoona vumbi, na kijasho kinamtiririka. "Wageni rasmi wawili," alinong'ona. "Kanuni inasema anayefika kwanza ndiye. Mungu wangu, na anayefika wa pili ni mkubwa wangu."

"Kwani Waziri akifika kwanza kuna ubaya gani?" mtu akauliza. "Si atakata tu?"

"Lazima ahutubie kwanza," akasema Bi Sikudhani. "Wa mwisho kuhutubia hapa wilayani alizungumza saa tatu. Kwaheri hainyeshi saa tatu."

Basi kila mtu akawa anashangilia wingu kimoyomoyo. Hata Ndaro alisimama juu ya godoro, akawa analipungia mkono, njoo, njoo, kama anayemwongoza dereva kurudi nyuma.

Magari yakafika Mto Kwezi. Chini ya daraja palikuwa tope tupu, mabaki ya Karibu. Mheshimiwa akashuka, akaangalia tope, akaangalia utepe wa daraja, akaangalia wingu. Ni mtu wa maamuzi. Akaomba mkasi.

Hapo angekata tu akapita. Lakini uzinduzi bila hotuba ni batili, ukurasa wa nane, na aliyeandika ukurasa huo ni yeye mwenyewe. Hadhira ilikuwa katibu, madereva saba, na punda wa Ndaro aliyekuwa akila majani kandokando ya mto. Punda huyu ndiye shahidi wangu.

"Ndugu wananchi," alianza Mheshimiwa, "na wewe pale nyuma mwenye masikio marefu, asante kwa usikivu wako! Daraja hili ni daraja. Waliosema halitakuwa daraja, leo wameumbuka. Kabla ya serikali hii, kulikuwa na upande huu, na kulikuwa na upande ule, na pande hizi zilikuwa hazisalimiani. Serikali yenu sikivu ikasema: upande huu uende upande ule!"

Madereva wakapiga makofi. Makofi ndiyo yaliyomponza. Mtu huyu alikuwa hajawahi kupigiwa makofi akaweza kuishia hapo. Aliingia kwenye historia ya madaraja duniani.

*

Wingu lilimaliza kuvaa viatu. Upepo ulifika kwanza, ukachukua kiti chake ukaenda nacho. Kisha radi ikatoa neno, moja tu, na watoto wakajificha nyuma ya mama zao. Bwana Chonjo alisimama wima, mikono pajani, akapiga saluti kuelekea juu. Tone la kwanza lilimpiga puani.

Na hapo mazoea ya miaka kumi na mitatu yakamshinda. Akakurupuka, akafungua mwavuli, akautandaza juu ya utepe.

Maji yalishaanza kukimbia juu ya bati. Yakafika kwenye bomba. Yakaanza kumwagika chini, palepale, kama Hodi, kama Karibu. Wanawake waliokuwa wanaimba wakanyamaza.

Bi Sikudhani alitembea mpaka karibu yake. Hakupaza sauti, na hiyo peke yake ilitutisha.

"Bwana Chonjo. Unamzuia mgeni rasmi?"

Aliangalia utepe. Aliangalia wingu. Aliangalia kiti cheupe alichokipanga yeye mwenyewe, kimejaa maji, mgeni amekwisha kukaa.

"Mimi niliishika ndoo ile," akasema, kama anayejibu swali jingine. "Kutoka Mbuga. Nusu ndoo, mama."

"Nakumbuka. Ulikuja unachechemea."

Akafunga mwavuli.

Mvua ikaupata utepe. Kwanza ulichuja, rangi nyekundu ikateremka kwenye nguzo. Kisha ukalegea, ukarefuka, bomba limejaa maji linauvuta, na sisi wote tumeinama mbele kama tunaousukuma kwa macho. Ukarefuka tena. Ndaro alikuwa amefumba macho anauliza, "Bado? Bado?" Ukakatika. Bomba likarudi lenyewe, puu! Likatumbukia kwenye mdomo wa tangi, sawasawa kama lilivyobuniwa, na mjusi akatoka mbio.

Nimesikia makofi mengi katika utumishi wangu. Yale yalizidi ya kofia.

Kwaheri ilinyesha saa mbili na robo. Bwana Chonjo, amelowa mpaka kwenye pochi, alikuwa anaandika kumbukumbu kwa penseli: *Mgeni rasmi alianza hotuba saa nane na dakika kumi. Alizungumza kwa kirefu bila kusoma. Wananchi hawakuondoka. Soda hakugusa.* Maji yalipofika kwenye ukingo wa tangi na kuanza kumwagika juu, Ndaro alishuka, akafungua kamba ya godoro, akalitandika palepale kwenye baraza la ghala, akajilaza chali.

"Shemeji," akasema, "nimechoka kuhama."

"Hukwenda popote."

"Ndiyo maana nimechoka."

*

Mheshimiwa alifika saa kumi na moja, kwa miguu, viatu mkononi. Magari yalikwama upande wa pili wa daraja, ambalo lenyewe lilizinduliwa vizuri sana.

"Nani kazindua?" akauliza.

"Mvua, Mheshimiwa," akajibu Bwana Chonjo kwa saluti. "Kwa barua yenye mhuri. Aliwahi."

Waziri alifungua mdomo kukasirika, lakini alikuwa amehutubia saa mbili na mdomo ulikuwa mkavu. Bi Sikudhani alimpa kikombe. Akanywa. Akaomba cha pili. Cha tatu alikunywa akiwa amekaa, na kufikia cha nne alikuwa anatuambia kuhusu kijiji cha bibi yake, ambako naye alibebeshwa ndoo. Alikuwa mtu wa kuzungumza naye kabisa. Ila kabla ya kuondoka, uso ukamwingia huzuni, akageuza mkasi mkononi.

"Hakuna kitu kingine? Kidogo tu?"

"Kipo," akasema Bi Sikudhani. "Mtaro wa kukinga maji, shambani kwa shemeji. Utepe tumeshafunga."

Utepe ulikuwa umefungwa kweli, mwisho wa shamba. Mtaro ndio uliokuwa haujachimbwa. Ukitaka kuufikia utepe sharti uchimbe kuufuata, na jembe tulikuwa nalo. Mheshimiwa alivua koti. Alipobakiza hatua tatu, Ndaro akausogeza utepe kidogo. "Protokali, Mheshimiwa," alisema. Akausogeza tena. Jioni ile Ndaro alipata mtaro wa hatua arobaini, na Waziri akasema haijatokea katika maisha yake azindue kitu akakiona.

Habari zikaenea wizarani. Sasa kila kiangazi wakubwa wanapanga foleni kuja Kavimbili kuzindua mitaro, kila mmoja na jembe lake, na mteremko wetu wote umekingwa mpaka bondeni, kwa bamkubwa Mkwiche. Kuna matangi manne. Anayetaka kuhakikisha aende, daraja limeshafunguliwa, apite juu.

Bwana Chonjo aliomba uhamisho, akahamia kwetu. Ana shamba. Kila mwaka anaandika barua tatu, Hodi, Karibu, Kwaheri, Ndaro anapiga mhuri, na anapanga viti.

Mwaka jana, wiki mbili baada ya Kwaheri, tulikuwa tunapalilia kunde tukasikia matone. Mvua ya nne. Haijapata kuwepo, haina hata jina. Bwana Chonjo alitupa jembe, akakimbia kuelekea ghalani akipiga kelele.

"Huyu hana barua! Sijamwandikia! Kiti sijapanga!"

Bi Sikudhani hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kunde zake.

"Mwache aingie, Bwana Chonjo," akasema. "Huyu sasa yuko kwake."